Alama ya Adey Iko Kushoto

"Huyu si ngamia wangu."

"Ni wako, eddo. Nimemtoa kwenye picha ile ile uliyoniletea."

"Basi amekutoka vibaya. Na mimi je? Nilikuwa nimesimama hapa, nimeshika kamba. Umenipeleka wapi?"

"Nimekufuta. Aliyepotea ni ngamia, si wewe."

Nunow akaibwaga karatasi juu ya kibodi. Guleid akaiondoa mbio, maana kompyuta ilikuwa ya Adow, tajiri wake, na Adow ni mtu wa kupangusa kibodi kwa kitambaa cha miwani. Huyu mama hakuwa shangazi yake wa damu, lakini mjini Garissa mwanamke wa umri ule ukimwita jina tupu utasikia habari zako hadi nyumbani kwenu. Kwa hiyo alikuwa eddo, hata katikati ya ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye mvua. Ile El Nino ilipokuja, mto Tana ukavimba ukavuka kingo zake, na mifugo ikatawanyika kila mahali. Nunow akampoteza Adey, ngamia wake mweupe, yule aliyemjazia vyombo vya maziwa ya kuuza sokoni. Ngamia waliobaki nyumbani walitoa maziwa ya kutia kwenye chai, basi. Bila Adey, biashara ya Nunow ilikuwa imekwisha na yeye mwenyewe alijua hivyo.

Bahati nzuri alikuwa na picha. Walipigwa picha hiyo siku ya Idi, yeye na Adey, aipeleke kwa mwanawe aliye ng'ambo. Akaja nayo ofisini kwa Adow, wamtolee matangazo ya kubandika kila mji. Guleid akaipitisha kwenye fotokopi na ikatoka nyeusi kama tako la sufuria. Ukiambiwa ni ngamia unakubali, ukiambiwa ni lori pia unakubali.

Hapo ndipo Guleid alipopata wazimu wake. Shule ilimshinda kidato cha kwanza kwa sababu dawati lilimuwasha, na tangu hapo hakuna kazi iliyomkalisha chini. Lakini kwenye kompyuta ya Adow kulikuwa na programu ya picha ambayo hakuna aliyeigusa. Akaiskani ile picha, akaua rangi zote, akaongeza nyeusi na nyeupe mpaka vivuli vikapotea. Kilichobaki akakivuta kikawa kikubwa, jicho la ngamia likajaa kioo kizima, kisha akapita juu yake na brashi nyeusi, mstari kwa mstari, nundu, kope, ule mdomo wa dharau. Mwisho akaiondoa picha iliyokuwa chini, na pale juu akabaki ngamia wa wino mtupu, kama aliyechorwa kwa kalamu. Fotokopi ikamtoa safi. Jamaa wakapita mlangoni kutazama, na Guleid akatembea siku nzima kama aliyezaa mapacha.

Wakati huo Nunow alikuwa porini anatafuta kwa miguu. Guleid hakumngoja. Akawagawia madereva wa malori matangazo yote, ya Dadaab, ya Modogashe, ya Wajir. Leo mama amerudi na vumbi lake, ameonyeshwa nakala, na badala ya shukrani ameanza vita.

"Alama yake iko wapi?" Nunow akauliza.

Guleid akamwonyesha shingoni. Alama ya moto, ameichora vizuri kabisa, hata ile mikia yake miwili.

"Upande gani?"

Guleid akatazama karatasi, akatazama picha. Kwenye picha Adey anatazama kushoto. Lakini maneno ya tangazo yalikuwa yamekaa kulia, na ngamia akawa ameyapa mgongo kama aliyesusa. Guleid hakuipenda. Akabonyeza mahali, ngamia akageuka, akayatazama maneno vizuri. Na alama ikageuka naye.

Nunow akamweleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Alama hiyo ikiwa kushoto ni ya watu wake. Alama hiyo hiyo ikiwa kulia ni ya watu wengine kabisa, wa upande wa Diff huko, na hao wana wazee na wana midomo ya kumdai. Atakayemwona Adey atatazama tangazo, atatazama shingo, atasema siye, aendelee na safari yake.

Guleid akajitetea kwamba ngamia ni ngamia, nani ana muda wa kuchungulia shingo. Nunow akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Wewe umezaliwa mjini, eddo," akasema, maana shangazi na mtoto huitana neno lile lile. "Si kosa lako. Kaa chini urekebishe."

Akakaa. Nunow akavuta kiti akamsimamia kama polisi. Sikio la kushoto lina kipande kilichokatwa, kwa nini amelijaza? Guleid akasema alidhani ni uchafu wa skana. Goti lina kovu, kovu liko wapi? Akalirudisha kovu. Ngamia akageuzwa, akaguswa hapa na pale, na kusema kweli alianza kuwa mtu wa kueleweka.

Hawajamaliza, mlango ukajaa mwanamume mrefu mwenye fimbo mabegani. Akatoa salamu, akajibiwa, akasema anaitwa Rage, ametoka upande wa Modogashe. Mkononi alikuwa na tangazo, lile la kwanza lenye alama kulia.

Alizungumza na karatasi kuliko na watu. Alisema kwenye kisima chao kumekuja ngamia jike, mweupe, mdomo huu huu. Ila alama yake iko kushoto. Ameleta mifugo sokoni na huyo ngamia amemleta pamoja nao, lakini kwanza alitaka kumwona mwenye tangazo.

"Nimewaza njiani," akasema. "Au kuna mwizi anayedai ngamia asiyemjua, au kuna mjinga. Nimekuja kuangalia ni yupi."

Nunow akamwachia Guleid ajibu. Guleid angeweza kusingizia mashine, na mashine haina wa kuitetea. Lakini alimwona mama jinsi alivyoshika ukingo wa meza.

"Mjinga," akasema. "Ni mimi. Nilimgeuza ili apendeze."

Kisha, kwa kutaka kumaliza maneno, akamwonyesha. Akabonyeza, ngamia akatazama kulia. Akabonyeza, kushoto. Rage akainama, akamwambia arudie, akarudia. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Kwa hiyo kijana akigusa hapo, ngamia wa watu anahama ukoo."

"Ndiyo, adeer," Guleid akasema, kama mtu anavyomwita ami yake.

Nunow akampa ile picha ya Idi, aone alama ilipo. Rage akaishika karibu na pua na kicheko kikaisha. Akauliza kama mashine inayogeuza mchoro haiwezi kugeuza picha. Guleid, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akasema inaweza, tena ni rahisi zaidi.

Nunow akamtazama kana kwamba angemfuta yeye sasa.

"Basi karatasi zenu zote sizitaki," Rage akasema. "Ngamia mwenyewe hageuzwi. Twendeni."

Soko la mifugo lilikuwa linavunjika walipofika, vumbi na kelele za madalali. Njiani Guleid alijaribu kuomba msamaha, akaambiwa atembee. Rage akawazuia mbali na ngamia zake, akasema mama asimame hapo hapo na asisogee.

Guleid alikuwa amezichora kope za Adey moja moja, lakini kati ya wale wengi hakujua ni yupi.

Nunow hakupaza sauti. Alitoa mwito wa chini, wa kooni, ule wa kuitia wakati wa kukamua, akaurudia. Kule katikati shingo moja nyeupe ikainuka. Adey akawasukuma wenzake pembeni, akaja moja kwa moja, miguu mirefu bila haraka, akashusha ule mdomo wake wa dharau juu ya bega la mama. Alama ilikuwa kushoto.

Rage akasema alhamdulillahi, na kwamba tangu ngamia huyo aje kisimani hajakubali kukamuliwa na mtu. Nunow akamwombea dua ndefu, kwa watoto wake na mifugo yake, huku akimpapasa Adey kiwele. Machozi yalimtoka na hakuyajali.

Guleid akasogea. Adey alikuwa mkubwa kuliko kompyuta ilivyomwambia, na ananuka sana.

"Eddo," akasema, "tumpige picha nyingine? Nzuri zaidi?"

"Kesho asubuhi njoo na chombo chako uchukue maziwa," Nunow akasema. "Chombo cha mti kilichofukizwa moshi, si plastiki. Picha achana nayo."

Akakusanya kamba mkononi, akageuka, akaenda zake, na Adey akamfuata.