Baba Bado Anasahihisha

Nimechoka. Sisemi hivyo ili nipewe pole. Nimechoka mpaka nikivua kiatu kimoja nasahau cha pili. Mchana kutwa nafundisha fasihi, jioni narudi na mkoba wa insha, na mezani Baba ananisubiri, shati kalifunga vifungo vyote, utadhani mkaguzi wa elimu.

Baba alifundisha fasihi kabla yangu. Macho yalimwishia, kisha kumbukumbu nayo ikaanza kumchezea. Ananiita kwa jina la marehemu mama. Anauliza kama ameshakula, na kijiko kiko mkononi. Lakini msomee insha ya mwanafunzi, weee! Anarudi mzima mzima. Mimi nasoma, yeye anasema, mimi naandika kwa kalamu nyekundu. Ni hapo tu ninapokuwa na baba.

Swali la wiki hiyo lilihusu riwaya tunayosoma darasani. Kijana anamwacha mama yake mgonjwa kwa majirani, anakwenda kutafuta maisha. Je, alikosea? Jadili.

"Huyu anapanga tashibiha kama nyanya za sokoni," Baba alisema nilipomaliza insha ya kwanza. "Moja hapa, nyingine pale. Sasa zinafanya kazi gani? Mwulize."

"Nitamuuliza, Baba."

"Usinijibu kinyonge. Mwulize kweli!"

Kuna kijana darasani tunamwita Hakika, maana hana aya asiyoianza kwa neno hilo. Insha yake ilimchekesha Baba hadi akakohoa. "Anayeapa hivi," alisema, "riwaya hajaifungua." Nami nikacheka, Mungu anisamehe, huku simu inatetemeka mfukoni na najua ni kaka.

Kaka alikuwa aje Jumamosi kumchukua Baba, akaishi kwake moja kwa moja. Wazo lilikuwa langu, si lake. Siku moja nikiwa darasani jirani alinipigia: Baba yuko barabara kuu, peku, anawauliza watu shule iko wapi. Kwa kaka kuna mke anayeshinda nyumbani na geti linalofungwa. Kwangu niko mimi tu, na mimi mwenyewe sipo. Kila kitu kilishapangwa, isipokuwa kumwambia mwenye safari. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa namwogopa, mzee wa watu asiyeona hata mlango.

Insha zikaisha.

"Bado moja," Baba alisema. Husema hivyo kila jioni, na mimi humsomea tena ile ya kwanza bila yeye kujua. Siku hiyo sikuwa na nguvu hata ya kupekua mkoba. Nikashika karatasi tupu, nikaanza kutunga.

"Kijana hakukosea," nilijifanya nasoma. "Hakuwa na budi. Alimpenda mama yake, lakini mapenzi hayamlindi mtu mchana kutwa. Majirani walikuwa na nafasi, yeye hakuwa nayo. Hakuwa na budi. Watu watasema alimchoka mama. Hakumchoka. Alijaribu. Hakuwa na budi."

Vidole vya Baba vilipapasa ukingo wa meza.

"Huyu hachambui," alisema. "Anajitetea."

"Kivipi?"

"Sikiliza lugha yake. Hakuwa na budi, hakuwa na budi, na hakuna aliyemshtaki. Sentensi fupifupi, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Na mama je? Insha nzima mama hasemi neno. Yeye ndiye anayeachwa, na hakuna aliyemuuliza lolote." Alitikisa kichwa. "Kumwacha si kosa. Kosa ni kutomwambia."

"Nimpe ngapi, Baba?"

"Achana na alama. Huyo anahitaji kulala." Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata wangu, akaushika juu ya ile karatasi, kisha akaniita kwa jina langu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. "Nimesikia simu yako ikitetemeka. Kaka yako anakuja lini kunichukua?"

"Jumamosi," nilisema, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimweleza yote, barabara, jirani, geti. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyosikiliza insha.

"Sawa," alisema. "Ila kesho uniambie tena, mwanangu. Nitakuwa nimesahau."

Nilimwambia tena Jumatano. Nilimwambia tena Alhamisi. Siku zote mbili alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Siku zote mbili alishtuka, kisha akajikaza na kusema sawa. Nami nikaenda jikoni kufungua bomba ili asinisikie.

Ijumaa hakushtuka. Aliweka mikono juu ya meza kama anayesubiri insha, nikadhani ameshanisahau na mimi pia.

"Na huko," aliuliza, "nani atanisomea?"