Bushi Zilizokwisha Geuzwa

Fundi Zenon alipiga magoti kwenye majani yenye umande, akaweka kiganja juu ya mnyororo wa tingatinga. Nyuma yake alisimama Bwana Halfani, mwenye duka na malori mawili pale Sumbawanga, kanzu yake ameishika juu ya vifundo isiguse tope. Pembeni alikuwepo Ignasi, kijana wa kijiji cha Kate, dereva wa Halfani, ambaye ndiye angeliendesha tingatinga hilo endapo lingenunuliwa.

Mwaka huo wa 1953 Halfani alikuwa amepata kibali bomani cha kupasua njia ya lori kutoka ukingo wa uwanda mpaka Kirando, kando ya ziwa, ili dagaa waache kupandishwa Ufipa vichwani mwa watu. Kilichokosekana ni mashine. Mkandarasi mmoja wa Kizungu alikuwa anafunga kazi arudi kwao, na msimamizi wake, Eustace, ameachiwa kuuza. Tingatinga lilipakwa rangi mpya, na injini ilikuwa imewaka mara moja tu ilipojaribiwa.

"Tazama mnyororo ulivyonyooka," alisema Eustace. "Haujalegea hata kidogo."

"Umekazwa kwa spana," Zenon alijibu.

Akatoa futi yake ya mbao, akapima pingili nne kutoka pini hadi pini. Zilikuwa zimerefuka kuliko zinavyotoka kiwandani, tena kwa zaidi ya upana wa kidole. Akahamia nyuma, kwenye gurudumu la meno linalouvuta mnyororo. Meno yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja, mfano wa kucha za mwewe.

"Bushi zimelika," alimwambia Halfani, akimwonyesha yale mabomba mafupi ya chuma ambayo pini hupita ndani yake. "Hizi ndizo zinazosuguana na meno."

"Zinageuzwa," Eustace alidakia. "Kila fundi anajua. Unazitoa, unazigeuza, ule upande mzima unakuja kwenye meno. Unapata miaka mingine."

Ilikuwa kweli. Zenon akalala chali chini ya mashine, akapitisha kidole upande wa pili wa bushi moja, kisha nyingine, kisha ya tatu. Zote zilikuwa na bonde. Alibaki amelala hapo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Alipotoka alisema, "Zilikwisha geuzwa. Hazina upande mwingine."

"Lakini linatembea?" Halfani aliuliza. Mvua zilikuwa karibu, na njia ile alikuwa ameiota miaka mingi.

"Kwenye tambarare litatembea. Kwenye mteremko, likikata kona, mnyororo utaruka. Ukiruka, breki ya upande huo haishiki kitu."

"Tutakwenda pole pole, fundi. Ignasi ana mkono mzuri."

"Mimi siogopi, kaka Zenon," Ignasi alisema kwa upole.

Zenon alimtazama. Sauti ilikuwa ileile ya Kalisti, kaka mkubwa wa Ignasi, aliyekufa miaka sita nyuma upande wa Mpanda, tingatinga aliloliendesha lilipomburuta hadi bondeni. Barua iliyofika Kate ilisema marehemu alikuwa mzembe.

"Kalisti naye hakuogopa," Zenon alisema. "Ignasi, mimi ndiye niliyekuwa nikikagua minyororo kule. Bushi zake zilikuwa hivihivi, zimelika huku na huku. Nilimwambia bwana mkubwa. Akaniambia nifunge mdomo kama naitaka kazi. Nikafunga. Kalisti alipanda bila kujua."

Eustace aliangalia viatu vyake. Ignasi alivua kofia, akaikunja, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, na lori alilokuja nalo akaliacha palepale.

"Silinunui," Halfani alisema hatimaye.

"Atalinunua mwingine," alijibu Eustace.

"Basi naye mwambie alichokiona huyu."

Halfani alisubiri. Mwaka uliofuata alipata mashine nyingine Mbeya, ambayo Zenon aliipima siku nzima kabla ya kukubali, na njia ikaanza kuteremka kuelekea ziwani. Lakini kabla ya hayo yote, kwa majuma matano Ignasi hakumwamkia Zenon wala kumpa mkono. Jumamosi ya juma la sita alisimama mlangoni pake.

"Mama anakuita."

Walifika Kate jioni. Agnesi, mama wa Ignasi na Kalisti, alikuwa anapepeta ulezi. Zenon alitoa shikamoo. Mama aliitikia marahaba bila kuinua macho. Zenon akasimulia yote, akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti.

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa mzembe," Agnesi alisema.

"Hakuwa, mama. Mwenye kosa ni mimi, na yule aliyenikataza."

Ungo uliendelea kwenda juu na chini. "Miaka sita watu wananipa pole huku wakiamini mwanangu alijiua kwa uzembe wake. Ulipita hapa kwenye matanga. Ulikula kwangu."

"Nilikula, mama."

"Kesho baada ya misa utasema tena. Mbele yao."

Siku ya pili, watu walipotoka kanisani, Agnesi aliwaomba wasubiri. Zenon alisimama kwenye ngazi, akaanza kwa Kifipa ili hata vikongwe waelewe. Alieleza mnyororo ni nini, na bushi, na namna chuma kinavyolika pole pole mahali ambapo jicho halifiki. Kisha akalitaja jina la Kalisti, na jina lake mwenyewe, na alichokinyamazia. Alipomaliza, baadhi waligeuka wakaenda zao bila kumwangalia. Mzee mmoja alimwendea Agnesi akamshika mikono yote miwili, na wanawake wakafuata, mmoja baada ya mwingine, wakimpa pole upya kabisa.

Zenon alingoja pembeni mpaka wa mwisho alipoondoka. Ignasi akamjia, akasema mama ameagiza asirudi Sumbawanga kabla hajala.