Jiwe Lenye Tundu

Watu wa Kibingo wana adabu zao. Mwanamume akijijengea nyumba kabla hajamjengea baba yake kaburi, hawamwambii neno. Watamsalimia vizuri, watamkaribisha kahawa ya kutafuna, na akishawapa kisogo watatazamana. Rwezaura aliyajua hayo tangu utotoni. Hata hivyo alikuwa na nyumba ya bati la rangi kule Bugene, huku baba yake, mzee Kamugisha, akilala mgombani chini ya tuta la udongo na msalaba wa mti ambao mchwa walikuwa wameula mkono mmoja.

Kila Krismasi mama yake, Ma Laurensia, alimkumbusha. Kila Krismasi Rwezaura alijibu lilelile: "Mama, usiwe na wasiwasi, nitalijengea." Kahawa aliyokuwa akinunua na kuuza iliposhuka bei, kaburi lilingoja. Ilipopanda bei, likangoja pia, maana gari nalo lilihitaji kubadilishwa. Ahadi ni deni, lakini mdai akiwa mama mzazi, deni hulala usingizi mnono.

Mwaka huu mkewe, Prudensia, akachoka na jiko lake. Alitaka kaunta ya granaiti nyeusi, ile inayong'aa hata ukaona meno yako. Hapo Rwezaura hakuuliza habari za bei ya kahawa. Granaiti ikaagizwa, na fundi Yusto akaja kung'oa kaunta ya zamani.

Ilikuwa ya terazo, nzito, na kwa bahati ikatoka nzima. Katikati ilikuwa na tundu kubwa la sinki, na nyuma yake kitundu cha bomba. Upande mmoja ilichongwa mifereji myembamba ya kuchuruzishia maji ya vyombo, na upande wa pili ilikuwa na duara jeusi, pale Prudensia alipowahi kutua sufuria ya maharage ikiwa bado ya moto.

"Bosi, hili lisitupwe," Yusto alisema akijifuta jasho. "Siku hizi watu wanayageuza haya. Mwingine anatengeneza benchi la uani, mwingine meza ya nje."

Rwezaura akapata wazo, akajipongeza kwalo. Mama yake alikuwa akimenya ndizi amechuchumaa, mgongo unamuuma. Sasa atapata meza! Gari lililoleta ndizi kutoka Kibingo lilikuwa likirudi tupu, kwa hiyo wakalipakia jiwe, vijana wakihema.

"Mpelekee mama," alimwambia dereva, Hagenimana. "Mwambie limetoka kwangu. Atajua mwenyewe la kulifanyia."

Wala hakupiga simu kueleza. Mama ndiye aliyepiga, siku chache baadaye.

"Asante, taata," alisema, akimwita 'baba' kwa mapenzi. "Limefika salama. Sasa Siku ya Marehemu Wote mje. Nimemwomba padre, na baba yako mdogo Clavery atakuwepo na watu wote."

"Tutakuja, mama," alisema Rwezaura, akidhani ni sala ya kila mwaka. Alipokata simu akamwambia mkewe kwamba mama amefurahia meza.

Siku hiyo walifika wakiwa wamependeza, Rwezaura na suti, Prudensia na kitenge kipya. Watu walikuwa wamekwisha kujaa mgombani. Kabla hajashuka vizuri garini akaanza kushikwa mikono kila upande.

"Hongera, Rwezaura! Umetutoa aibu ukoo mzima!"

"Sasa mzee amelala. Mungu akuzidishie."

Akawa anaitikia tu, tabasamu usoni, bila kujua anapongezwa kwa lipi. Prudensia ndiye aliyeona kwanza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa amepangusa kaunta ile asubuhi na jioni tangu alipoolewa. Akamfinya mumewe kiwiko kwa nguvu.

"Baba watoto," alinong'ona. "Tazama kaburini."

Rwezaura akatazama. Tuta la udongo lilikuwa limezungushiwa tofali na kusakafiwa vizuri, na juu yake, limelala sawasawa, lilikuwa jiwe lake la jikoni. Limesuguliwa likang'aa. Kwenye tundu la sinki, karibu na kichwa cha marehemu, ulikuwa umepandwa mche wa mulamula, mti ule unaooteshwa mipakani na makaburini. Kwenye kitundu cha bomba ulisimamishwa mshumaa. Duara jeusi la sufuria lilikuwa palepale, usawa wa miguu ya mzee.

Mtu mwingine angetamani ardhi ipasuke immeze, lakini yeye aliogopa hata kulitamani hilo, maana ardhi ya pale ilikuwa ya baba yake.

Padre akasali, kisha akanyunyiza maji ya baraka. Maji yakatua juu ya terazo, yakatafuta njia kama yalivyozoea. Yakaingia kwenye mifereji ya vyombo, yakateremka taratibu, yakamwagika ndani ya tundu la sinki.

"Ona!" mzee Clavery akasema kwa sauti, akiwa amependezwa kweli. "Hata mti unanyweshwa! Waitu, fundi gani huyu aliyefikiria hivi? Na hili tundu, Rwezaura, lilichongwa huko huko?"

Macho yote yakamgeukia. Rwezaura akafungua mdomo. Alitaka kusema ukweli, tena aliona wazi maneno yenyewe: hili ni jiwe la kuoshea sahani, nilikuwa nalitupa. Aliona pia nyuso zile zitakavyobadilika moja baada ya nyingine.

"Lilikuja hivyo hivyo," Ma Laurensia akajibu kwa ajili yake. "Mwanangu alijua baba yake anapenda mulamula."

Wakapiga makofi. Makofi kaburini si desturi, lakini walimpigia. Naye, badala ya kusema, akainamisha kichwa na kuitikia, "Asanteni." Alijidharau kwa neno lile moja kuliko kwa miaka yote ya ahadi.

Watu walipokwenda kula, akabaki na mama yake pale kaburini. Bibi huyo alikuwa ameinama akiokota majani makavu ya mgomba juu ya jiwe.

"Mama, nisamehe. Lile jiwe... Sikulileta kwa ajili ya baba. Nililileta umenyee ndizi juu yake. Nitalitoa. Wiki ijayo nitaleta la maana, lenye jina lake."

Ma Laurensia hakuacha kuokota majani.

"Unadhani sijui sinki, Rwezaura? Nimekuja kwako mara ngapi? Nimeosha vikombe hapo hapo kwenye hili tundu."

"Ulijua?"

"Lilipoteremshwa tu. Nikakaa nalo uani, nikalitazama. Nikasema, nikingoja jingine, nitamfuata mzee huku chini kabla sijaliona. Baba yako hakuwa mtu wa makuu. Nikaita fundi." Akaunyoosha mgongo kwa shida, mkono kiunoni. "Usilitoe. Watu wameshalibariki. Ukilitoa utawaambia nini?"

Machozi yalimlenga Rwezaura, akayafuta kwa mkono wa suti, mtu mzima na ndevu zake. Afadhali angemtukana. Mama alikuwa amemfunikia aibu yake mbele ya ukoo mzima, naye hakujua amlipe nini kwa hilo.

"Na hilo jipya la jikoni," mama akauliza, kwa upole uleule, kama anayeuliza habari za wajukuu, "ni zuri?"

"Ni zuri, mama."

"Jeusi, eti?"

"Ndiyo."

Ma Laurensia akapiga hatua, akasimama kwenye nafasi tupu iliyokuwa kushoto kwa kaburi la mumewe, akaipima kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi mkilichoka, taata, msilitupe," alisema. "Hapa ndipo pangu."