Msafiri wa Kwanza wa Gulio

Pai zangu zilikuwa zinapoa, mimi nachemka. Siku ya gulio la mwaka, jua limeshapanda, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua hata kikapu. Hapa kijijini Hexby ndivyo ilivyo tangu enzi za wafalme: mlinzi wa gulio husimama na fimbo katikati ya barabara kuu, anamsimamisha msafiri wa kwanza atokaye kaskazini, anampa bia, ndipo tunaanza kuuza. Sharti awe mpita njia, si mwenyeji. Kengele ya saa sita ikilia bila mtu, haki yetu ya kufanya gulio imekufa, na sisi wachuuzi tumekwisha.

Zamani nani angewaza kwamba wapita njia wangekosekana? Barabara hii ilipitisha mabata bukini waliopakwa lami miguuni kama viatu ili wafike London kwa kutembea, ikapitisha magari ya farasi, ya jeshi, kisha malori yaliyotikisa vikombe vyetu kabatini. Tukalalamika weee, mpaka tukajengewa barabara ya mchepuko nje ya kijiji. Tangu hapo mbwa wanalala katikati ya njia.

Percy muuza nyama akasema tumsimamishe paka wa kasisi. Sikucheka. Nilikwenda hadi darajani nikarudi, nikaenda tena. Nikamuuliza mlinzi wetu, Mzee Thackray, mwenye nyumba ya wageni isiyo na wageni, kama anangoja muujiza.

"Tulia, Nellie," akasema, macho kaskazini. "Atakuja."

Nitulie vipi? Gulio ndilo linanivusha majira ya baridi.

Saa sita ikinyemelea, lori likachomoza kilimani. Thackray akainua fimbo. Dereva akashuka ameduwaa, akaigida bia yote, watu wakapiga makofi, vikapu vikafunuliwa. Nilitamani kumkumbatia yule kijana. Akajifuta mdomo, akanigeukia.

"Samahani mama, kwa Bwana Thackray ni wapi? Tumekuja kuhamisha vyombo."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anaipangusa fimbo kwa mkono wa koti, polepole mno. Akaniambia anahamia kwa binti yake Leeds, nyumba imeshauzwa.

"Kwa hiyo ulijua atakuja."

"Niliwaagiza waje leo," akasema. "Na wapite huku."

Akanitia fimbo mkononi, akaenda kuwafungulia mlango. Wateja walikuwa wananiita, na mimi nimesimama katikati ya barabara. Mwakani nitamsimamisha nani?