Kasuku na Cherehani

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwaambia watoto kila mmoja ajitafutie lengo moja la mwaka. Binti wa fundi cherehani alirudi nyumbani, akavua viatu, akamnong'oneza mama yake sikioni kama anayetoa siri nzito.

"Mama, nataka kusoma ukurasa mzima mbele ya watu. Siku ya wazazi."

Mama alimwita Kasuku kwa utani tu, maana nje ya nyumba neno la mtoto huyo lilikuwa la kutafuta kwa tochi. Darasani akiulizwa huinamisha kichwa mpaka mwalimu achoke mwenyewe.

"Haya, mwanangu. Uwe unasoma hapa, mimi nikishona."

"Lakini utanisikia!"

"Na kelele za dude hili? Nitasikia wapi!"

Basi kila jioni cherehani ilinguruma, na Kasuku akasoma akiwa amejificha ndani ya mngurumo ule. Mama aliona midomo tu ikicheza. Vumbi la nyuzi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, kitambaa cha bluu kikateremka taratibu kutoka mezani hadi sakafuni, na mara nyingine alihisi chumba kizima kinaelea, yeye na mwanawe wakiwa wamelala usingizi mmoja.

Ila mama naye hakuwa mtu wa kulala. Kadiri wiki zilivyopita, alikanyaga pedeli ya cherehani polepole zaidi. Sauti ya mtoto ikaanza kuchungulia, neno hapa, neno pale. Jioni moja akainua mguu kabisa. Kasuku akasoma aya nzima chumba kikiwa kimya, ndipo akashtuka.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, ndiyo. Na wewe umesoma."

Alinuna mpaka chakula kikapoa. Kesho yake alirudi na kitabu.

Siku ya wazazi ikafika. Kasuku alisimama mbele, ukumbi ukatulia tuli, na hakuna kilichotoka. Mtoto mmoja akacheka. Mama angetoa chochote apate cherehani yake pale ukumbini.

Ndipo akaona kiatu cha binti yake kikianza kucheza sakafuni. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Sauti ikatoka, ndogo, kisha ikawa ile ya nyumbani kabisa, ya kudai sukari kwenye chai. Katikati ya ukurasa kiatu kikasimama. Sauti haikusimama, ilikwenda hadi nukta ya mwisho.

Makofi yakalipuka. Mwanamke aliyekaa naye akamgusa goti.

"Dada, benchi zima linatikisika. Unashona nini?"

Mama akatazama chini. Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga.

"Nimeshamaliza," akasema, machozi yakimtiririka, na mguu ukazidi kukanyaga.