Na Wale Ambao Hawapo

Tangu mtoto wake azaliwe bila kulia, Mumbua alikuwa akivutwa upindo wa nguo na mtu asiyeonekana. Alivutwa akiosha vyombo, akavutwa akingoja basi la Kings Heath, huko ughaibuni. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, naye hakuwa mtu wa kuona mizimu ovyo, lakini hili lilimtisha. Kwao Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu, na wake hakuifikia hata ya kwanza. Kanisani Northfield, marehemu walipoombewa, mchungaji alimwambia kwa upole kwamba asiye na jina hatajwi. Upole huo ndio uliomchoma.

Jumamosi moja Bi Zelda, bibi wa Kiyahudi aliyekuwa akitunzwa naye, alimwomba amsomee Torati. Mwaka mpya wao ulikaribia, na macho yake hayakuona tena. Mumbua alikuwa na Biblia ya Kiswahili tu mkobani. Bi Zelda akasema isomwe hiyo hiyo, maneno anayo moyoni.

Basi akasoma jinsi Musa alivyowasimamisha watu wote mbele za Mungu wafanye agano: wakuu, wanawake, watoto, mgeni wa kambini, mchanja kuni na mteka maji, bega kwa bega. Alipofika kwamba agano ni la hata wale ambao hawapo, akaacha kusoma. Bi Zelda akauliza kulikoni, naye akamweleza yote.

Kikongwe akasimulia kwamba mtoto wake pia alikufa mchanga, akachukuliwa hospitalini akiwa bado na joto, na sheria yao haikumwekea matanga mtoto wa umri ule.

"Lakini wahenga wetu wanafundisha kuwa siku ile nafsi zote zilikuwepo, hata za wasiozaliwa," alisema. "Mteka maji hakuachwa nje. Wetu nani aliwaacha nje?"

Jioni Mumbua alimwambia mumewe, Kibet, kwamba anataka mtoto wao apewe jina, atajwe Jumapili. Hawakuwahi kumzungumzia. Kibet alizima jiko, akakaa.

"Jina ako nalo," alisema. "Kwetu Kalenjin, saa ya kuzaliwa ndiyo hubeba jina. Alikuja alfajiri. Anaitwa Chepkorir."

Mumbua akamuuliza mbona alimficha jina hilo siku zote hizo.

"Nilifikiria hutaki aitwe. Mimi humwita kila asubuhi nikienda job, polepole, ndio usiamke."

Mumbua akalitamka jina hilo, akaliogopa, akalitamka tena.