Akaunti ya Dwomoh

Katika duka lao la kutunza tovuti za watu, pale Asafo, Kumasi, Kwaku Dwomoh alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo alikuwa king'ang'anizi hasa: kila tovuti ya mteja iendeshwe kwa akaunti yake yenyewe, isiyoweza kugusa faili za mwingine.

"Kila mtu na chumba chake na ufunguo wake," alikuwa akisema. "Mwizi akiingia kwa msusi, asitokee kwa mchungaji."

Mkewe, Birago, alikuwa akimcheka. Wateja wenyewe hata hawakujua kama vyumba hivyo vipo.

Kisha Dwomoh akafa. Ajabu ya watu! Wanakujazia ua kwa nguo nyeusi na nyekundu mpaka viti havitoshi, halafu matanga yakiisha, kimya. Birago akabaki na seva.

Kila asubuhi, kabla hajafungua waakye yake, wali wa kunde wa kifungua kinywa, aliita orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi. Kila programu ilikuja na jina la akaunti yake: msusi, mchungaji, muuza majeneza, na katikati yao, Dwomoh. Ulikuwa ukurasa wake wa zamani tu, alimokuwa akiweka salamu za asubuhi kwa sauti yake. Lakini jina likiwa mle, ilikuwa kana kwamba mtu yuko kazini. Birago alibonyeza, akamsikia:

"Maakye, wateja wangu! Mitambo iko hai, na mimi niko hai. Birago bado amelala, msimwambie nimesema."

Alicheka, akalia, ndipo akala.

Atta, fundi mwenzao, hakulipenda jambo lile. "Dada, programu ile imezeeka. Ina tundu, na wezi wa dunia nzima wanalijua. Isasishe, au ifunge akaunti."

"Nikiigusa itaharibika. Aliiandika kwa mikono yake."

"Mimi nasema tundu, wewe unasema mikono!"

"Na domo lako kama spika ya sokoni. Niache."

Akaachwa. Nani wa kubishana na mjane?

Asubuhi moja alibonyeza, salamu hazikutoka. Ukurasa ulijaa matangazo ya kamari. Faili za sauti zilikuwa zimefutwa, zote. Akampigia Atta, naye akaja mbio, akakagua chumba kwa chumba.

"Wameingilia kwa mzee," akasema. "Kisha wamegonga kila mlango, kwa msusi, kwa mchungaji, kote, wakashindwa. Jamani, mzee alifunga! Nakala za akiba je?"

Birago akatikisa kichwa. Programu ya kunakili aliiandika Dwomoh mwenyewe, nayo ilichukua vyumba vya wateja tu. Yeye hakuwa mteja. Mganga hajigangi.

"Nifunge?" Atta akauliza, kwa sauti ya chini safari hii.

"Funga."

Atta alipoondoka, Birago alimpigia simu msusi, amuulize kama tovuti yake inafunguka.

"Inafunguka vizuri tu, mama. Kwani kumetokea nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa naulizia tu."

Akaita orodha. Msusi yupo. Mchungaji yupo. Muuza majeneza yupo. Akaisoma mpaka chini, kisha akaiita tena, kana kwamba mtu amechelewa tu njiani.